Mtoto Wenu Mwenye Ulemavu: Mumtetee Kuanzia Nyumbani



Zamu ya sala ya jumuiya ndogo ndogo imefika katika nyumba fulani. Viti vimepangwa, chai imechemka, watoto wamesalimia wageni mmoja mmoja. Lakini mlango wa chumba cha nyuma umefungwa. Katikati ya Rozari sauti ya mtoto inasikika kutoka huko. Mama anainuka haraka. Baba anaanzisha wimbo, tena kwa sauti kubwa. Wageni wote wamesikia, na hakuna anayeuliza.

Wewe bwana na wewe bibi mnaosoma ukurasa huu, huenda mlango huo uko kwenu. Kama hauko kwenu, uko kwa jirani. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mtoto aliyefichwa hapati shule, hapati daktari, hapati sakramenti, wala hapati rafiki. Na ndoa inayoficha mtoto hujifunza kuficha mengine pia.

Tukitaja utetezi, wengi hufikiria mawakili na mikutano ya Nairobi. Mwezi huu tujifunze kwamba mtetezi ni mtu anayesema kwa ajili ya mwenzake mpaka mwenzake apate nafasi ya kusema mwenyewe. Kazi hii hufanyika pia jikoni na sebuleni. Haihitaji shahada wala gari. Yahitaji watu wawili walioahidiana mbele ya altare kuwapokea watoto ambao Mungu atawajalia. Siku ile hamkuulizwa kama mtawapokea wale wanaotembea tu.

NANI ALIYEKOSA?

Fungueni Injili ya Yohane, sura ya 9, muisome yote pamoja jioni moja. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu. Swali lao la kwanza halihusu jinsi ya kumsaidia. Wanataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana wetu anakataa mambo yote mawili. Hakukosa yeye, wala wazazi wake hawakukosa.

Swali la wale wanafunzi bado linatembea vijijini mwetu. Mama mkwe hulisema akipepeta mahindi: kwetu hakuna watoto kama hawa. Bwana hulisema akirudi amelewa. Bibi naye hulisema moyoni, usiku, akikumbuka kila alichokula alipokuwa mjamzito. Wengine hupoteza mbuzi na fedha kwa waganga wakitafuta aliyewaroga.

Madaktari wanatueleza kwamba zipo sababu nyingi. Mtoto anaweza kukosa hewa wakati uchungu wa kuzaa umechukua muda mrefu. Anaweza kupata umanjano mkali siku za kwanza, au ugonjwa wa uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Nyakati nyingine sababu haijulikani kabisa. Jambo la kufanya ni kumpeleka kliniki mapema. Mtoto asiyeshika shingo akiwa na miezi sita, au asiyegeuka akisikia sauti, asingojewe eti atachangamka tu. Mazoezi ya viungo yakianza mapema humsaidia sana.

Basi azimieni leo kwamba swali la nani aliyekosa halitaulizwa tena katika nyumba yenu. Mkwe akilileta, bwana ndiye wa kumjibu mama yake, kwa heshima lakini bila kuyumba. Usimwachie mkeo vita hivyo.

WATOTO WATANO AU SITA?

Mwaka mmoja nilikuwa nikiandika majina ya familia kwa ajili ya kitabu cha parokia. Katika boma moja nilimwuliza baba ana watoto wangapi. Akasema watano. Mama alikuwa akimenya viazi. Hakuinua kichwa, akasema, "Sita."

Nikaandika sita. Mtoto wa sita alikuwa msichana wa miaka minane mwenye mtindio wa ubongo. Hakuweza kutembea wala kusema maneno ya kusikika vizuri.

Baadaye yule baba alinieleza yaliyofuata. Usiku ule mkewe hakugomba. Alimwambia tu, "Baba, usipomhesabu wewe, mwalimu wa shule atamhesabuje? Chifu je? Mungu atakuuliza habari za watoto wangapi?" Bwana akakiri kwamba aliogopa kuchekwa na rika lake. Wakaongea mpaka jogoo wakaanza kuwika, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa miaka. Wakapatana mambo matatu, nami nayaandika hapa kwa sababu kila nyumba inaweza kuyafuata.

La kwanza, mtoto atahesabiwa na ataitwa kwa jina lake. Lugha yetu ina majina mengi ya kuumiza. Kuna watu wanaomwita mtoto zezeta au kiwete mbele yake, wakidhani hasikii. Mtoto alibatizwa kwa jina. Mkilitumia ninyi, majirani nao watalitumia.

La pili, kazi itagawanywa. Kumlisha, kumwosha, kumgeuza usiku asipate vidonda na kumbeba kwenda kliniki si kazi ya mama peke yake. Kifungu cha 53 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumlea mtoto. Bwana anayemwosha binti yake mdogo hapungukiwi na uanaume wake. Angalieni pia dada wa mtoto. Si haki msichana wa miaka kumi na mbili akose masomo kwa kugeuzwa yaya. Na kila mmoja wenu apate saa chache za kupumzika katika juma, maana mlezi aliyechoka sana huanza kumchukia anayemlea, kisha humchukia mwenzi wake.

La tatu, wataenda ofisini wote wawili. Mama akienda peke yake mara nyingi huambiwa akamlete baba. Baba akienda peke yake hajui mtoto anatumia dawa gani wala hula chakula cha namna gani. Wakienda pamoja, afisa huona kwamba mtoto huyu ana wenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa.

KUJUA HAKI ZA MTOTO

Huwezi kudai usichokijua. Msihitaji kukariri sheria zote, lakini haya yajueni.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kutajwa kwa maneno yasiyomdharau. Ana haki ya kupata elimu, kuingia katika majengo na kupanda magari ya abiria. Ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia, na ya kutumia lugha ya ishara au maandishi ya nukta nundu. Tena Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge letu, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kama mtoto wenu hasikii, nyumba nzima ijifunze lugha hiyo. Ni huzuni mtoto kuongea na walimu wake shuleni, kisha akirudi likizo asiwe na mtu wa kumwambia ameumwa tumbo.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu anapotafuta nafasi. Sheria hiyo hiyo inamwajibisha mzazi amwandikishe mtoto shuleni. Kwa hiyo mwalimu mkuu hana ruhusa ya kumfukuza, na ninyi hamna ruhusa ya kumfungia. Nayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003 sasa imepisha sheria mpya ya mwaka 2025.

Mtaanzia wapi? Anzieni katika kituo cha kupima watoto kwa ajili ya elimu, ambacho walimu hukiita EARC. Vituo hivi vilianzishwa mwaka 1984, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu itawaonyesha kilipo cha karibu. Hapo watawaambia kama mtoto anafaa kusoma katika shule ya kawaida akisaidiwa, au katika kitengo maalumu, au katika shule maalumu. Chuo cha serikali cha elimu maalumu, KISE, kilichoanzishwa mwaka 1986 huko Kasarani, Nairobi, nacho hupima watoto.

Halafu mtoto aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Atapimwa na madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa, na ripoti yao itapelekwa kwa Baraza. Akiisha kuandikishwa anaweza kuombewa msaada wa vifaa kama kiti cha magurudumu, au msaada wa masomo. Jamaa zinazomlea mtu mwenye ulemavu mkubwa sana, anayehitaji mtu wa kumwangalia mchana na usiku, zinaweza kuombewa fedha za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo hazimfikii kila anayezihitaji, lakini asiyeomba hawezi kukumbukwa.

OFISI YENU NI MEZA YA KULIA

Nunueni faili moja na daftari moja. Ndani ya faili wekeni cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, ripoti ya hospitali, ripoti ya EARC, karatasi za Baraza, cheti cha ubatizo, na nakala ya kila barua mtakayoandika. Msitoe karatasi ya asili bila kubaki na nakala. Katika daftari andikeni tarehe, ofisi mliyokwenda, cheo cha mliyemwona, alichosema, na siku aliyowaambia mrudi. Mkirudi na daftari hilo, neno la "njoo kesho" hupungua nguvu.

Msiende kulalamika mambo kumi kwa siku moja. Ombeni jambo moja, lieleweke, tena onyesheni mtakachochangia. Barua kwa mwalimu mkuu inaweza kuwa fupi namna hii:

"Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, mtoto wetu yuko gredi ya pili katika shule yako na anatumia kiti cha magurudumu. Mlango wa choo una ngazi mbili, kwa hiyo haendi haja tangu asubuhi mpaka saa kumi. Tunaomba mteremko wa saruji ujengwe mlangoni hapo. Sisi tutaleta mchanga na kumlipa fundi wa siku moja. Tutakuja kukuona Jumanne ijayo saa nane mchana. Ni sisi, wazazi wake." Kisha baba aweke sahihi, na mama aweke sahihi.

Mwalimu mkuu asipojibu, andikieni halmashauri ya shule. Halmashauri isipojibu, nendeni kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo, mkiwa na nakala za barua zote mbili. Msimruke mtu, wala msitukane mtu. Bandu bandu huisha gogo. Mwalimu akitenda jema, mwandikieni barua ya shukrani pia. Walimu wengi wana madarasa yaliyojaa na hawakufundishwa elimu maalumu. Wengi wao wana hofu tu, wala si wakatili.

Mkishajua njia, waonyesheni wengine. Mama anayepita barabarani na mtoto mkubwa mgongoni mwiteni, mpeni chai, mfungulieni faili lenu aone. Akijua karatasi ya kwanza ni ipi, mmemwokolea miezi ya kuzunguka. Familia tatu zikikutana mara moja kwa mwezi katika nyumba zao zinaweza kukodi gari moja kwenda kliniki, kupeana zamu ya kulinda watoto, na kumwona chifu pamoja.

MLINDENI NA WABAYA

Hili sitalifunika. Mtoto asiyeweza kusema au kukimbia huwindwa na watu wabaya, na mara nyingi ni watu wanaojulikana nyumbani. Mjue ni nani anayebaki naye. Mfundisheni, kwa maneno au kwa ishara, sehemu za mwili ambazo mtu hapaswi kugusa. Ikitokea amedhulumiwa, msimwoshe wala msifue nguo zake. Mpelekeni hospitali upesi, kisha polisi. Simu ya bure ya kuwasaidia watoto ni 116. Msikubali wazee wawakalishe chini na kuwapa mbuzi ili mambo yaishe. Kesi ya namna hiyo haiuzwi, na mzazi anayepokea mbuzi huyo amemuuza mtoto wake mara ya pili.

KATIKA KANISA

Kanisa katika Kenya lina historia njema katika kazi hii. Shule za wasioona za Mtakatifu Oda kule Aluor, Siaya, na Mtakatifu Lucy kule Igoji, Meru, ni ushuhuda. Hata hivyo makosa hutokea, nami nikiwa katekista niliwahi kukosa.

Yule msichana wa boma la viazi alipofika miaka kumi na mmoja, mama yake alimleta katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Niliona hawezi kutamka sala. Nikamwambia mama, "Mngoje kwanza, labda mwaka ujao." Mama akaondoka bila neno.

Jumapili iliyofuata alikuja baba, yule aliyekuwa amehesabu watano. Alikuwa amembeba binti yake. Akanisalimu vizuri, kisha akaniuliza, "Mwalimu, ulimwuliza mwenyewe?" Nikakosa la kusema. Tukaingia kanisani. Baba akaelekeza kidole kwenye tabernakulo, akamwuliza mtoto, "Nani yumo mle?" Msichana akaitazama ile taa nyekundu muda mrefu. Kisha akauvuta mkono wake, kwa shida, mpaka juu ya kifua chake, akatabasamu.

Nilikwenda kwa padri siku hiyo hiyo nikamweleza kosa langu. Akanionyesha Kanuni ya 777 ya Sheria za Kanisa, inayomwagiza paroko ahakikishe wenye ulemavu wa mwili au wa akili wanapewa mafundisho kadiri hali yao inavyoruhusu. Na mwongozo wa katekesi uliotoka Roma mwaka 2020 unafundisha wazi kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kuwanyima sakramenti watu wenye ulemavu. Msichana alipokea Komunyo Pasaka ile, kipande kidogo cha Hostia. Asiyeweza kumeza kabisa anaweza kupewa Damu Takatifu peke yake, kwa matone machache. Zungumzeni na padri wenu mapema.

Baba huyo alinifundisha kuliko vitabu vyangu. Aliogopa watu, kisha akaacha kuogopa.

MWENYEWE ASEME

Turudi kwenye Injili ya Yohane. Baada ya kipofu kuponywa, wakubwa waliwaita wazazi wake na kuwahoji. Wazazi walikubali kwamba ni mtoto wao na kwamba alizaliwa haoni. Kuhusu mengine walijitoa. Walisema ni mtu mzima, aulizwe yeye. Mwinjili anatuambia kwamba waliogopa kufukuzwa katika sinagogi. Tusiwacheke. Kila mzazi aliyewahi kuongeza sauti ya wimbo ili watu wasisikie mtoto, anaijua hofu hiyo.

Lakini maneno hayo hayo, yakitoka kwa mzazi asiyeogopa, ni maneno mazuri. Mtetezi mwema hazibi mdomo wa anayemtetea. Bwana wetu alipomwita Bartimayo kule Yeriko, hakuwauliza watu waliomzunguka kipofu anataka nini. Alimwuliza mwenyewe. Basi mgeni akiwauliza, "Huyu anakula nini? Huyu anaitwa nani?", mwambieni amwulize mtoto, halafu mngojee jibu, hata likichelewa. Mwacheni achague nguo ya Jumapili, achague wimbo wa sala ya jioni, aseme apendavyo au asivyopenda. Mkienda kwa daktari au mwalimu, nendeni naye, naye ahusishwe. Siku moja ninyi hamtakuwepo. Urithi mtakaomwachia ni watu wanaomjua kwa jina na mazoea ya kusikilizwa.

Ng'ombe haelemewi na nunduye, wala mtoto huyu hatawaelemea mkimbeba wawili. Na kwa wale ambao nyumba zao hazina ulemavu leo, kumbukeni kwamba kabla hujafa hujaumbika. Ajali ya barabarani au ugonjwa wa kupooza hauulizi ukoo. Nyumba mnayomfungulia mtoto wa jirani leo, kesho mtaihitaji ninyi.

MASWALI YA MUME NA MKE

1. Je, kuna jambo kuhusu mtoto wetu, au kuhusu mtoto wa ndugu yetu, ambalo tumelificha watu? Tuliogopa nini hasa?

2. Je, nimewahi kumlaumu mwenzangu, kwa maneno au kwa kunyamaza? Nitamwomba msamaha lini?

3. Kazi za kumlea zimegawanywa vipi kwetu? Ni kazi gani moja nitakayoichukua kuanzia juma hili?

4. Ni karatasi gani bado hatuna katika faili la mtoto? Ni nani kati yetu atakayeomba ruhusa kazini, na twende siku gani?

5. Katika jumuiya yetu kuna mlango gani uliofungwa, na tutaubisha namna gani bila kuwaaibisha wenyewe?

Azimio la mwezi: sala ya jumuiya itakapofika kwenu, mlango wa chumba cha nyuma uwe wazi, na mtoto awe sebuleni pamoja na wengine. Wageni wakiisha kuketi, baba ataje majina ya watoto wake wote.

Mungu abariki ndoa zenu. Amina.